Kruger asifanywe shujaa wa madini yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Sakina aliyeandika wiki iliyopita kuhusu Mirerani, kwenye machimbo yetu ya tanzanaiti, akasema serikali yetu ikajifunze kwa Rais Paul Kruger wa Transvaal, ile nchi ya zamani ya Makaburu (wazungu wenye asili ya Uholanzi) kule Afrika Kusini, jinsi alivyowabana wageni waliofuata dhahabu Johannesburg, akawanyima kura, akawatoza kodi, akawaambia nchi hii ina wenyewe. Barua ile imesomwa sana. Hapa Sanawari nimeikuta inajadiliwa kijiweni kwenye kahawa, na vijana wa udalali wa mawe pale karibu na Mnara wa Saa wameipiga picha wakanitumia kwenye simu, mwalimu hebu tuambie hii ni kweli? Mimi nafundisha historia sekondari na hii mada ya Makaburu na madini ya Afrika Kusini naipitia na wanafunzi kila mwaka, kwahiyo siwezi kukaa kimya. Yapo aliyoandika ambayo ni kweli kabisa na nitayataja, ila pale alipofikia sipo naye, na sisi watu wa Meru na Kilimanjaro ndio tulitakiwa tuwe wa kwanza kukataa.

Kweli yenyewe ni hii. Kabla ya 1886 Transvaal ilikuwa nchi ya wafugaji, serikali haina hela, watumishi wanakaa muda mrefu bila mshahara. Mwaka ule dhahabu ikaonekana kwenye shamba la Langlaagte, na mji ambao haukuwepo kabisa, Johannesburg, ndani ya miaka kumi ukawa na watu kama 100,000, na kufika 1898 nchi ile peke yake inatoa zaidi ya robo ya dhahabu ya dunia nzima. Watu wakamiminika, Waingereza, Wamarekani, Waaustralia, Wajerumani, Wayahudi kutoka Urusi, mafundi wa migodi kutoka Cornwall, wafanyabiashara, mawakili, wenye baa. Makaburu waliwaita Uitlanders, wageni. Mapato ya serikali yakapanda zaidi ya mara kumi na karibu yote yanatoka kwa hao wageni na migodi yao. Sasa jiweke kwenye nafasi ya Kruger, mzee aliyezaliwa 1825, ambaye akiwa mtoto wa miaka kumi hivi alitembea na mkokoteni wa ng'ombe na wazazi wake kuikimbia serikali ya Mwingereza kule Cape, koloni la kusini, leo amezeeka anamwona Mwingereza yule yule amemfuata mpaka mlangoni, safari hii hana bunduki, ana sururu na hisa za kampuni.

Kwahiyo akabana kura. Sheria ya 1882 ilikuwa inataka mgeni akae miaka mitano tu, mwaka 1890 ikawa miaka 14 na awe ametimiza miaka 40 ya umri, na ili wasipige kelele sana akawaundia bunge la pili ambalo mgeni aliyechukua uraia baada ya miaka miwili anaweza kulipigia kura, lakini bunge lenyewe halikuwa na nguvu yoyote ya maana, mambo mazito yote yanabaki kwenye bunge la kwanza la Makaburu wenyewe. Na wageni walikuwa na malalamiko ya kweli, hilo tusilifiche. Walilipa kodi kubwa, shule za serikali zinafundisha kwa Kidachi, na mwaka 1894 wakakamatwa wakapigane vita ya Kruger dhidi ya Malaboch, chifu wa kaskazini, hawana kura ila vitani wanaenda, mpaka kamishna wa Uingereza ikabidi asafiri mwenyewe kwenda Pretoria, mji mkuu wa Kruger, kuwatoa. Disemba 1898 polisi akampiga risasi Mwingereza mmoja aitwae Edgar nyumbani kwake Johannesburg akafa, polisi akaachiwa huru, miezi mitatu mbele watu zaidi ya 21,000 wakawa wamesaini barua kwenda kwa Malkia.

Ila na hofu ya Kruger ilikuwa ya kweli. Mwisho wa Disemba 1895 Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Cape na tajiri wa almasi na dhahabu, alimtuma rafiki yake Dokta Jameson na askari wa kampuni yake kama 500 hivi wavuke mpaka kwa farasi waende Johannesburg kuipindua serikali, wakati huo huo matajiri wa mjini wawe wameshawaamsha wageni kwa silaha zilizoingizwa kwa siri. Mpango ukavurugika, wenyewe kwa wenyewe mjini hawakuelewana hata kuhusu bendera, kuna waliotaka ya Uingereza na kuna waliosema hapana tunataka jamhuri hii hii ila irekebishwe, Jameson hakusubiri, akaondoka, na tarehe 2 Januari 1896 akasalimu amri Doornkop. Viongozi wanne wa njama wakahukumiwa kifo, baadae ikageuzwa faini ya pauni 25,000 kila mmoja. Rhodes akajiuzulu uwaziri mkuu. Kwahiyo Juni 1899 kwenye mazungumzo pale Bloemfontein, Kruger alipomwambia Milner mjumbe wa Uingereza kwamba nyie mnachotaka ni nchi yangu, hakuwa anasingizia. Kwenye masharti ya kura alishuka mpaka miaka saba ya kukaa nchini, Agosti serikali yake ikafika mpaka mitano kwa masharti ambayo Uingereza ikayakataa, na Oktoba vita ikaanza. Mpaka hapa mimi na ndugu yangu wa Sakina tunakubaliana, na nadhani hapa ndipo alipofunga kitabu.

Tuendelee na baruti. Mchimbaji yeyote wa Mirerani anajua bila baruti hakuna mgodi. Kruger alikuwa na utaratibu wa kutoa haki ya biashara kwa mtu mmoja peke yake, alianza na pombe 1881 alipompa mfanyabiashara Nellmapius haki ya kutengeneza pombe kali, akaja baruti akampa mfanyabiashara mwingine, Edouard Lippert, eti kiwanda kijengwe nchini ili taifa lijitegemee. Maneno mazuri sana hayo, hata leo ukiyasema kwenye mkutano utapigiwa makofi. Kilichofanyika baruti ilikuwa inatoka Ulaya imeshatengenezwa inaingizwa kama malighafi, ikabadilishwa tu jina na kuuzwa kwa bei juu. Kelele zilipozidi haki ile ikafutwa 1892, mwaka uliofuata ikarudi kwa mlango mwingine, safari hii kwa jina la serikali yenyewe, na ndani yake wamo wenye hisa wa kampuni za baruti za Nobel za Ulaya. Yaani mgeni mdogo anabanwa mgeni mkubwa anapewa soko lote la nchi. Wenye migodi walipiga hesabu kwamba wanapoteza kama pauni 600,000 kwa mwaka. Na waliolalamika hawakuwa wageni peke yao, mwaka 1897 iliundwa tume kuchunguza gharama za migodi, mwenyekiti wake Kaburu mwenyewe, Schalk Burger, tume ikasema baruti inaumiza, reli ya kampuni ya Kidachi inaumiza, ushuru wa chakula unaumiza, rekebisheni. Kruger akamwita Burger msaliti wa nchi yake. Sasa hapo naomba ndugu yangu anionyeshe mzalendo wa rasilimali yuko wapi, maana mimi namwona mzee anayelinda dili za watu wake.

Na gharama ile nani aliilipa? Hapa ndipo napofika kila mwaka darasani na watoto wananyamaza. Bei ya dhahabu wakati ule ilikuwa imefungwa dunia nzima, mwenye mgodi hawezi kuipandisha hata senti. Dhahabu ya Johannesburg yenyewe haiko kama ya kuokota mtoni, iko chini sana ndani ya mwamba, unasaga mlima wa mawe upate gramu chache, kwahiyo unahitaji baruti nyingi, makaa mengi na watu wengi. Baruti imepandishwa na dili la Kruger, reli ina mwenyewe, fundi mzungu ana umoja wake na anaogopwa. Amebaki nani wa kukamuliwa? Mwafrika anayeshuka chini. Chemba ya Migodi, yaani matajiri wale wale waliokuwa wanalia kwamba Kruger anawaonea, walikaa 1896 na tena 1897 wakakubaliana kumpunguzia mshahara.

Alafu kuna jambo moja ambalo ndugu yangu hakuligusa kabisa na kwangu ndilo linamaliza ubishi wote. Mwaka 1895, mwaka ule ule ambao bunduki za njama zinaingizwa Johannesburg kwa siri, Chemba ya Migodi iliandika rasimu ya sheria ya pasi, yaani kibali cha lazima cha kuwepo na kutembea, kwa wafanyakazi Waafrika wa migodini, ikaipeleka Pretoria, na Volksraad, bunge la Makaburu, ikaipitisha. Mwafrika wa mgodini avae beji ya chuma mkononi, akiacha kazi bila ruhusa anakamatwa. Kruger na matajiri wa migodi, wanaotaka kuuana kwa ajili ya kura na baruti, kwenye hili hata siku moja hawakugombana! Mnalalamika mgeni hana kura, mgeni ana kodi bila uwakilishi, na pale chini kuna watu wanaokaribia 100,000 kabla ya vita, wengi wao kutoka Msumbiji, na hakuna upande hata mmoja uliowahesabu kama watu wa kuulizwa. Wahindi nao hivyo hivyo, sheria namba 3 ya 1885 iliwazuia uraia na kuwachagulia mitaa ya kukaa, wazee wa jamii ya Kihindi hapa Arusha na Moshi wanaijua habari hiyo kupitia Gandhi.

Nchi ina wenyewe, sawa, wenyewe ni nani? Katiba ya Makaburu ya 1858 iliandika wazi kwamba hakuna usawa kati ya mweusi na mzungu, kanisani wala serikalini. Ardhi ile ilikuwa ya Wapedi, Watswana, Wavenda na wengine, na Kruger hakuwa amemaliza kuwanyang'anya, 1894 ni Malaboch niliyemtaja, 1898 akampiga Mphephu, chifu wa Wavenda, mpaka akakimbia kuvuka mto Limpopo. Mtu anafukuza wenyeji kaskazini, kusini anamwambia Mwingereza wewe ni mgeni. Wote wawili walikuwa wageni kwenye ile dhahabu na tofauti yao ni nani alitangulia kufika na bunduki.

Kuna wasomaji watasema basi mwalimu unawatetea Waingereza. Hapana. Vita ile ilianza Oktoba 1899 ikaisha Mei 1902, na Waingereza waliteketeza mashamba ya Makaburu wakawakusanya wanawake na watoto kwenye makambi ambako walikufa zaidi ya 26,000, wengi wao watoto wadogo, na kwenye makambi ya Waafrika ambayo huwa yanasahaulika kwenye vitabu walikufa si chini ya 14,000. Hayo yote yakihubiriwa kwamba ni kutafuta haki ya kura. Ukitaka kujua kama ilikuwa kura kweli, angalia walichofanya walipoishika nchi. Mkataba wa Vereeniging kifungu cha 8 ulisema suala la kura ya wenyeji halitaamuliwa mpaka kwanza wazungu wapewe serikali yao, maana yake tumewauza. Mshahara wa mgodini walitaka ubaki chini kuliko wa kabla ya vita, Waafrika wakagoma kwa miguu, hawakurudi, badala ya kuongeza mshahara wakaenda kuleta Wachina, zaidi ya 60,000 kuanzia 1904. Pasi ikabaki. Na 1907 uchaguzi wa Transvaal ulipofanyika walioshinda ni chama cha Makaburu cha Jenerali Botha, yule yule aliyepigana nao! Miaka mitatu baadae, 1910, Botha huyo huyo ni waziri mkuu wa Afrika Kusini nzima, na 1913 inakuja sheria ya ardhi iliyomwachia Mwafrika kama asilimia 7 ya nchi. Baadae kampuni yao ya kuajiri, Wenela, ilifika mpaka huku kwetu kuchukua vijana, wazee wa Rungwe wanaijua vizuri, mpaka tulipopata uhuru.

Sasa kwanini nasema sisi wa huku ndio tungekuwa wa kwanza kukataa. Baada ya vita kuna Makaburu waliokataa kuishi chini ya bendera ya Uingereza, wakatafuta nchi nyingine, na miaka michache baadae Wajerumani wakawapokea hapa hapa, wakawapa ardhi kaskazini mwa Mlima Meru. Hawa ndio watu wa Kruger, damu moja, waliopigana kwa kusema nchi yetu isichukuliwe na wageni, na walipofika huku hawakuuliza hii ardhi ya nani. Wameru walikuwa wamepigwa na Wajerumani tangu 1896, Wachagga nao Mangi Meli wao alinyongwa Machi 1900 Old Moshi, kwahiyo hakukuwa na mtu wa kuwazuia. Baadhi ya Makaburu wale baadae walihamia Kenya upande wa Eldoret, lakini utaratibu wa kuuzungushia mlima mashamba ya wazungu ulibaki, mwenyeji kabanwa juu kwenye migomba na bonde la malisho limekuwa la mtu mwingine.

Na utaratibu huo ukafuatwa na Mwingereza alipoichukua Tanganyika. Novemba 1951, upande ule ule wa mlima, Engare Nanyuki, Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili wazungu wachache wapate mashamba ya kufugia. Marehemu Mzee Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kulisemea hilo, Mtanganyika ambaye baba yake hakuwahi kuulizwa na Kaburu wala Mjerumani wala Mwingereza. Kaburu na Mwingereza ambao kule Transvaal walichinjana miaka mitatu, huku kwetu walirithishana mashamba. Kwahiyo mtu wa Arusha akiniandikia kwamba tuige kwa Kruger namna ya kulinda cha mwenyeji, mimi naumia, naumia kweli, kwasababu mwenyeji kwenye hadithi ile ni Mphephu na ni Kirilo.

Kuhusu Mirerani yenyewe, sipingi kulinda tanzanaiti. Ukuta wa zaidi ya kilomita 24 uliojengwa 2018 niliuunga mkono na bado nauunga mkono, jiwe letu lilikuwa linatoroshwa mchana kweupe na wengine wananeemeka nje. Miaka ya 2000 tuliona pia ugomvi wa wachimbaji wadogo na kampuni ya kigeni kule Kitalu C, sehemu moja ya machimbo ya Mirerani, watu waliumia, siwezi kumlaumu mtu mwenye hasira na wageni wa namna hiyo. Lakini ukiandika kwenye gazeti kwamba dawa ni kumbana mgeni, alafu ukaishia hapo, umeacha maswali yote ambayo Kruger naye aliyaacha. Leseni zinashikwa na nani? Baruti anauza nani na kwa bei gani, na ikipanda ni nani anapunguziwa ili mwenye mgodi asipate hasara? Yule kijana tunayemwita nyoka, anayezama chini mamia ya mita kwa kamba na tochi, wengi hawana mshahara wa mwezi, wanakula posho na kusubiri jiwe litoke ndio wagawiwe, wapo wanaokaa miaka halitoki. Mafuriko ya 2008 yaliua makumi ya wana Apolo, yaani wachimbaji wetu wadogo, mashimoni, na wenye mashimo yale hawakuwa Uitlanders, walikuwa wenzetu. Mwanafunzi wangu mmoja aliacha shule kidato cha tatu akaenda huko, akirudi likizo ananisimulia habari za mtobozano, timu mbili zinakutana chini kwa chini kila moja inasema mwamba ni wake, mpaka wanarushiana mawe na baruti gizani, na wenye leseni za pande zote mbili wapo juu wameelewana kwa simu.

Ndugu Mhariri, nina ombi moja. Badala ya kuchapa barua yangu na ya ndugu yangu wa Sakina tukabishana hapa mpaka mwisho wa mwaka, tuma mwandishi wako Engare Nanyuki. Waliokuwa watoto wa miaka saba au nane 1951 sasa wana zaidi ya 80 na wanapungua kila mwaka, wapo bado wanaoweza kusimulia walivyoamka wakakuta askari mlangoni na wapi ng'ombe walipelekwa, na wapo watakaokumbuka walichoambiwa na babu zao kuhusu Makaburu wa kwanza, walikaa wapi, walilima nini, walimlipa nini mtu wa kuwachungia. Chapa maneno yao kwa urefu, hata kwa wiki kadhaa. Mimi nitayapeleka darasani, maana vitabu vyetu vya kidato vina kurasa nyingi za Makaburu kuondoka Cape lakini hakuna hata mstari mmoja wa Makaburu kufika Meru, na nusu ya watoto ninaowafundisha wametoka upande huo wa mlima.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu wa historia, Sanawari, Arusha